Hatua Nane Hadi Jikoni

Jumatatu, 5 Mei. Kasongo.

Radari zimefika! Macho manne meusi, kila moja kama kifungo cha koti, ya kupachikwa kwenye bampa ya nyuma. Zimetoka Kindu kwa pikipiki, ndani ya soksi. Kitu kikikaribia nyuma ya gari zinalia: pi, pi, pi. Kikikaribia zaidi zinalia bila kupumua.

Binti yangu Faida aliuliza za nini. Mji mzima magari ni ya kuhesabu kwa vidole, na langu, urithi wa marehemu kaka yangu, ni fupi kuliko kitanda cha askofu. Swali la haki. 

Jibu nalijua mimi. Ua wangu wa Wamaza, nyumbani kwetu kabla ya vita. Niliukimbia miaka ishirini na saba iliyopita, ufunguo wa jikoni mfukoni. Ninao bado. Nataka kuingia ua ule kinyumenyume, pua ya gari ikitazama barabara. Mtu aliyewahi kukimbia haegeshi gari likitazama ukuta.

Ila funguo za gari anazo Faida, kwenye pindo la kitenge, tangu nilipogonga tangi la jirani. Sharti lake: niingie ua kama ule kinyumenyume mara tatu bila kugusa kitu, naye atazame. Nikifaulu, mwezi wa sita barabara ikikauka, Wamaza. Nikishindwa, nisiitaje safari hiyo tena. Mtihani Jumapili, baada ya misa. Kwa mazoezi ataniachia gari, yeye akiwa karibu.

Jumanne, 6 Mei.

Wazo kubwa! Nimeujenga ua wangu upya kwenye kiwanja kitupu nyuma ya shule. Vijiti arobaini na viwili. Vipimo ninavyo kichwani, maana niliupima mwenyewe siku ya kujenga: hatua nane kutoka barabarani hadi mlango wa jikoni. Nilitembea, nikahesabu, nikachomeka. Nilisimama mlangoni muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji.

Akaja Ruphin. Jirani yangu wa Wamaza, jirani yangu wa hapa. Vita havikututenganisha, kwa bahati mbaya. Akatazama, akacheka.

“We Fidèle, jiko ilikuwa huku kushoto! Moshi yake ilikuwa inanikohoza kila asubui!”

Nilimwambia kikohozi si ramani. Akahamisha vijiti sita. Alipoondoka nikavirudisha kulia.

Alhamisi, 8 Mei.

Fundi Serge amepachika radari. Jaribio la kwanza: zililia kabla sijasogea. Zilikuwa zimeona nyasi. Nikafyeka. La pili: kimya kitamu, halafu kra! Vijiti vinne chini. Serge akaeleza kwa upole wa daktari: “Papa, hii inaona ukuta. Vijiti haioni.”

Nikaazima mikeka kwa Ruphin, nikaitundika iwe kuta. Sasa zinaona. Zinaona mno. Zinalia kutoka barabarani hadi mlangoni, mfululizo, kama mtoto aliyenyang'anywa muwa. Majaribio kumi na moja. Jikoni imeanguka mara tisa.

Sielewi. Kamioneti, lile lori la kahawa, ilikuwa ikiingia yote katika ua ule, na mbuzi wangu wakabaki na pa kulala. Labda ilikuwa kamioneti ndogo.

Jumamosi, 10 Mei.

Mpango mpya. Nimeziba radari kwa udongo. Ruphin atajificha nyuma ya mkeka wa jikoni na kupiga mluzi: polepole nikiwa mbali, haraka nikiwa karibu. Faida atadhani ni mtambo. Bei ya Ruphin: nikubali kwamba jikoni ilikuwa kushoto.

Nimekubali. Iliniuma, hasa kwa kuwa ni kweli.

Jumapili, 11 Mei.

Mara ya kwanza: safi! Ya pili: safi, kwa unene wa kidole. Ya tatu nilingoja mluzi. Haukuja. Jikoni ikamwangukia Ruphin.

Tulimkuta amekaa chini ya mkeka, kofia mapajani, mzima kabisa. Aliomba radhi. Alisema mahali pale pale alipokuwa amekaa ndipo marehemu mke wangu Marie-Thérèse alipompa bakuli la maharage, asubuhi ile tuliyokimbia. Alikuwa anasikiliza mwiko wake chunguni, akasahau mluzi.

Hakuna aliyecheka. Faida, aliyetoka kule akiwa na miaka kumi, akaanza kutembea kutoka barabarani. Akafika mlangoni. Hatua tano.

“Papa, ulipima na miguu ya nani?”

Yangu, nikasema.

“Ya leo ao ya zamani?”

Akaniambia nitembee. Nikatembea. Nane, sawasawa. Nane za mzee wa miaka sabini na mbili anayeburuta kandambili. Nilikuwa nimeikata nyumba yangu karibu nusu, kwa miguu yangu mwenyewe.

Faida akatembea nane zake, akachomeka mlango huko mbali. Kushoto. Nikaingia mara tatu, kama mwiko kwenye chungu kikubwa. Radari zilizooshwa, kimya. Hukumu yake: gari dogo, ua mkubwa, radari hazina kazi, zitolewe. Funguo akaniwekea kiganjani. Wamaza, mwezi wa sita.

Jumatano, 14 Mei.

Sijazitoa. Kila jioni naingia uani kinyumenyume. Nafasi kila upande. Kimya. Nasimamisha gari, na sijui kama nimefika au bado.

Leo nimesogeza jikoni karibu, hatua tatu. Zangu. Nikarudi nyuma taratibu. Pi, pi, pi. Ruphin, mkekani, akauliza kwa nini naharibu ua uliopimwa vizuri. Nikamwambia asikilize tu: zinapolia hivi, nyumbani ni karibu. Akatega sikio. Kisha akaomba nirudie.

Tumerudia mara saba. Jikoni imeanguka mara mbili tu. Faida asijue. Nimeagiza macho mengine manne, ya mbele.