Blanketi Lenye Kiuno

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Kiti cha kazi kimepatikana! Kwa Mama Cherehani, kile cha dirishani. Msaidizi wake ameolewa, kahama. Mama Cherehani amesema naweza kwenda na mtoto, pa kumlaza papo. Pa kumlaza! Hapa kwa mama mkwe mwanangu analala kati ya ndoo na jiko, na kila anayepita ananiambia nimsogeze kidogo.

Ila wifi naye anakitaka. Dada wa mume wangu huyu hana mtoto, hana shida, hana haya. Mama Cherehani akaona isiwe tabu: kila mmoja afume blanketi la mtoto kwa kroshia, Jumamosi ataangalia. Akatoa mifuko miwili ya nyuzi. Nikawahi! Nikabeba wenye rangi: nyekundu, njano, buluu. Wifi akabaki na kijivu kitupu, kama jivu la jana. Nimecheka kimoyomoyo hadi mbavu zinauma.

Jumanne, tarehe 4 Juni

Nyuzi zangu si ndugu. Nyekundu ni nene kama kamba ya kiatu. Njano nyembamba kama ya kushonea vifungo. Buluu nene tena. Za wifi zote unene mmoja. Alijua! Kaniacha niwahi makusudi.

Kila mstari vitanzi themanini, nimehesabu kwa kidole, sijakosea hata kimoja. Lakini nyekundu imetanuka, njano imenywea, buluu imetanuka. Blanketi lina kiuno. Mama mkwe kauliza hilo gauni la nani.

Wifi akapita, akasema pole wifi yangu, kwa sauti ya msibani. Pole yake akae nayo.

Jumatano, tarehe 5 Juni

Dawa nimepata! Nimefumua njano yote, naifuma nyuzi mbili kwa pamoja. Unene ukawa sawa na nyekundu. Akili hii nimeitoa wapi mimi niliyeishia la saba? Mistari minne, imenyooka! Wa tano, njano ikaisha.

Mume wangu akashauri niache njano kabisa, nifume dogo la nyekundu na buluu. Mtu anayevaa soksi mbili zisizojuana ananifundisha mimi! Nikamwambia akale. Njano nimeifumua, nimeirudisha uzi mmoja mmoja. Kiuno kimerudi nacho.

Ijumaa, tarehe 7 Juni

Blanketi limeisha. Kilichobaki ni kulivuta tu.

Asubuhi nimelilowesha, nikalianika kambani, chini nikaning'iniza chupa sita za maji ili kiuno kitanuke. Mchana nimelikuta refu kama njia ya kwenda kisimani, na kiuno kimezidi kubana. Sasa ni nyigu. Mama mkwe kasema litamfaa chatu. Wifi kacheka mpaka akakaa chini.

Alasiri nikaomba pasi ya moto kwa jirani. Nikaikandamiza kwenye njano na kuvuta. Ikatanuka! Ikatanuka kweli! Kumbe ilikuwa inayeyuka. Nyumba nzima imenuka ndoo ya plastiki. Mwanangu kapiga chafya saba. Pale katikati pamekuwa pagumu, panang'aa. Ukipagonga, panalia.

Jumamosi, tarehe 8 Juni

Wifi kalitandaza lake mezani. Pembe nne, limetulia kama karatasi. Mimi nikatandaza langu sakafuni haraka haraka, nikamkalisha mwanangu juu ya kiuno. Mtoto mzuri vile, shavu lile, nani atatazama blanketi?

Mtoto akaguna. Pamemchoma makalio. Akashuka, akatambaa hadi miguuni kwa wifi, akanyoosha mikono. Wifi akamfunika kwa lile lake la kijivu. Akalala hapo hapo! Miezi tisa nimembeba, miaka sijui mingapi nitambeba, na bado kanisaliti mbele za watu.

Kiti kaenda nacho wifi.

Mama Cherehani akaniweka pembeni, akaniita mwanangu. Akasema mkono wangu mwepesi, vitanzi vyangu vizuri kuliko vya wifi, ila uzi ndio ulioniangusha. Akanipa donge moja jeupe. Nifume kofia ya mtoto kwa uzi huo huo, nisichanganye na chochote, niilete Jumamosi ijayo. Ikikaa sawa, ataongeza kiti cha pili. Nikaitika ndiyo mama, ndiyo mama, ndiyo.

Nimelia njiani. Mwanangu akanipangusa machozi kwa kiganja kilichojaa makamasi. Nikamwambia tutakaa dirishani, mama, wewe ngoja tu.

Jumatatu, tarehe 10 Juni

Kofia! Kofia hata wifi anaweza. Mtu hapewi kiti kwa kofia. Nimeamua kufuma tandiko la kitanda kizima, la watu wawili, Mama Cherehani akiliona akose pumzi.

Donge limeisha kabla sijafika popote. Nimeungia kamba ya pazia, maana nayo ni nyeupe. Nayo ikaisha. Nikaufumua mtandio wa sufu wa mama mkwe, mweupe pia, laini ajabu. Unene umepishana kidogo tu, kiasi cha kidole. Nani atapima?

Mama mkwe anautafuta mtandio wake tangu asubuhi. Nimemwambia amuulize wifi.