Mhehe wa Siku Moja

Alhamisi, 12 Juni
Filomena anakwenda! Kikundi chetu cha matembezi cha Mwenge kinapanda milima ya Uluguru Jumamosi, hadi ziwa dogo lililoko juu kule, na kurudi siku hiyohiyo kwa treni. Nimeona jina lake kwenye grupu, nikaacha kinyago nilichokuwa nachonga. Kimebaki na sikio moja. Mwaka mzima anauza vitenge jirani na kibanda changu, na mwaka mzima nimemwambia habari za asubuhi tu. Hata jioni.

Shida ni Deogratias, kiongozi wa kikundi. Ana filimbi. Ana viatu vya mlima. Penye utelezi atamshika mkono. Mimi nina raba za mtumba na mapenzi.

Ijumaa, 13 Juni
Nimepata njia! Filomena ni Mngoni wa Songea. Wangoni na Wahehe ni watani, na mtani haombi ruhusa: anakaa unapokaa, anakuchokoza mbele ya wazazi wako, na hakuna wa kukasirika. Basi nimekwenda kibandani kwake nikajitangaza Mhehe. Nikamwambia babu zangu waliwakimbiza babu zake mpaka wakaacha ngao njiani. Akacheka! Akasema siku zote alidhani mimi ni Mmakonde, kama wachongaji wengine. Nikajibu kuwa kuchonga ni kazi tu, damu ni ya Iringa. (Mama, nisamehe. Newala nzima mnisamehe.) Akanichapa begani kwa kitenge. Bega la kushoto. Leo nalala upande wa kulia.

Jumamosi, 14 Juni
Kwenye treni nilikaa pembeni yake bila kuomba. Safi! Kisha akafungua begi langu akala chapati zangu zote. Nilipolalamika akanikumbusha kuwa mtani haibi, anachukua. Kweli, ndiyo desturi. Nikacheka kwa njaa. Morogoro akachukua kofia yangu. Mlimani akanibebesha begi lake, akidai babu zangu walikuwa wapagazi wa babu zake. Kikundi kizima kiliangua kicheko, isipokuwa Deogratias. Yeye alimpa maji, akampisha penye njia nyembamba, basi. Mtu baridi. Hana mbinu.

Ziwa tulilikuta kimya, maji ya kijani, ukungu unayagusa na kuinuka. Filomena alivua viatu, akatia miguu majini. Sijawahi kutaka kitu namna ile. Nilitaka kukaa pale tu, mwaka huu na mwingine, nikimwona anavyokunja uso kwa baridi. Nikasema ukweli. Nikamwambia nampenda tangu siku alipofungua kibanda, na kwamba nikisikia sauti yake patasi inaniteleza.

Alicheka mpaka akashika mbavu. Akawaita wenzetu waje wamsikie Mhehe. Akataka nirudie. Nikarudia, kwa unyenyekevu zaidi. Sauti ilinitetemeka, wakasema naigiza vizuri, wakapiga makofi.

Kisha akaficha kiatu changu kimoja. Nilipokipata vichakani, yeye na Deogratias walikuwa ng'ambo ya ziwa, wanazungumza taratibu. Nilifurahi. Kwa yule hacheki hata kidogo.

Jumapili, 15 Juni
Miguu imevimba. Nilikusudia kumwambia kuwa mimi ni Mmakonde na niliyosema ziwani hayakuwa utani. Nimejizoeza mbele ya kinyago. Lakini nikiwa Mmakonde narudi kwenye habari za asubuhi. Nimebaki Mhehe kwa sasa.

Jumanne, 17 Juni
Amenipigia simu! Yeye mwenyewe! Ananihitaji Jumapili nyumbani kwao Mbagala. Washenga wa Deogratias wanaleta barua ya posa. Anasema shughuli bila mtani inapooza, na kwao mtaani hakuna Mhehe hata mmoja. Nisimame mlangoni, niwazuie, niwachokoze mpaka wajute kuja. Anaogopa sana siku hiyo, na hakuna mwingine anayeweza kumchekesha kama mimi.

Nimelia. Sitaficha. Nimelia hadi jirani akagonga ukuta.

Lakini hakuna mwingine! Kasema hivyo kabisa. Nimekubali. Siku nzima nyumbani kwao, na hakuna wa kunifukuza! Kesho namtafuta Mhehe anifundishe salamu. Na pale mlangoni, mbele ya washenga wote, nitatangaza tena kuwa nampenda, kwa sauti kubwa kuliko ya ziwani. Safari hii ataelewa.