Hodi ya Kaburi Namba Saba

Ilitangazwa kwa umma, kwa waraka wenye mihuri miwili na sahihi ya wino wa buluu, kwamba kuanzia Jumapili hiyo hakuna mtu atakayeingia Kaburi Namba Saba bila ya kupiga hodi.

Kaburi lenyewe liko juu ya majabali ya chokaa nyuma ya mji wa Bawshar, katika nchi ya Waarabu. Limejengwa kwa mawe makubwa yaliyopangwa bila ya udongo wala saruji, na lina umri wa miaka elfu nne na ushei. Muda wote huo watu walikuwa wakiingia wapendavyo. Bwana Murshid, Kaimu Mkurugenzi wa Idara ya Ziara za Makaburi ya Kale, aliona hiyo ni fedheha. Nyumba ni nyumba, aliwaambia wajumbe kikaoni, hata mwenyewe akiwa amekufa. Mgeni mwenye adabu hupiga hodi mara tatu. Asipojibiwa, hurudi kwao. Wajumbe wakakubali kwa kauli moja, maana wote walilelewa na mama wa Kizanzibari na walikijua kipigo cha kuingia ndani kwa watu kimyakimya. Waraka ulipoandikwa kwa Kiarabu, halikupatikana neno la kutosha, basi likaachwa hivyo hivyo: hodi.

Murshid alikuwa kaimu kwa mwaka wa nne sasa. Kadi zake, kibao cha mlangoni, hata kikombe chake cha chai, vyote vilikuwa na neno hilo. Alilichukia kama kijiwe ndani ya kiatu. Alitaka jambo moja tu duniani, neno hilo lifutwe, na aliamini kwamba waraka wa hodi ndio utakaolifuta.

Wiki ya kwanza ilikwenda vizuri mno. Wageni mia mbili wenye vibali halali, ambavyo waraka ulivitaka pia, walipanda, wakapiga hodi mara tatu, hawakujibiwa, wakateremka. Murshid akaandika ripoti: utiifu asilimia mia, uharibifu hakuna, marehemu hakusumbuliwa. Ripoti ilimpendeza Sheikh Amur, Mkaguzi Mkuu, ambaye ndiye mwenye kalamu ya kuwathibitisha watu vyeoni. Akaleta salamu kwamba Alhamisi atakuja mwenyewe kulizuru kaburi, na kuingia ndani.

Hapo Murshid akaufungua tena waraka wake. Kuingia ndani kwa kifungu kipi? Mkaguzi Mkuu angepiga hodi, asijibiwe, arudi ofisini na vumbi la bure kwenye makubadhi yake. Kikao cha dharura kikakaa na kuunda cheo kipya: Mjibu Hodi. Sharti la kwanza lilikuwa mwombaji awe marehemu, kwa ajili ya uhalisia, lakini hakujitokeza mtu. Sharti likalegezwa, ikatakiwa mtu mzima yeyote mwenye sauti ya heshima.

Akajitokeza mmoja tu: Bi Bakhita, mama mdogo wa Murshid mwenyewe.

Bi Bakhita alikuwa na kisa na idara hiyo. Nyumba yake iko chini ya jabali lile lile, na alikuwa ameshaomba kibali cha kupanda.

"Yule jirani yangu," alimwambia Murshid siku alipokwenda kukiomba, dirishani pa idara. "Miaka arubaini nnamtazama tu kutoka jikoni, sijamtembelea hata siku moja. Nnaona haya."

"Mama, hapa pameandikwa 'uhusiano na marehemu'. Umejaza 'jirani'. Ujirani hautambuliki. Ungekuwa mtalii ingekuwa sahali. Njoo kesho."

Alikuja kesho yake, akaambiwa kesho. Siku ya tatu aliambiwa kwamba mwenye mhuri kenda kuswali, na mwenye mhuri alikuwa Murshid, naye ndiye aliyemwambia.

Lakini kwa kazi hakuhitaji kibali, kwani mfanyakazi si mgeni. Jumatano Murshid akapanda naye, akamwekea kiti cha plastiki kivulini nyuma ya kaburi, akamfunza mwenyewe.

"Mtu akipiga hodi, muulize nani. Kisha cheo. Kisha kibali chenye mhuri. Vikitimia, sema karibu."

"Na visipotimia?"

"Haingii. Hata awe nani, mama. Kanuni haina jamaa."

"Haya, mwanangu. Nimesikia."

Alhamisi Sheikh Amur alipanda taratibu, Murshid mbele akimwonesha kila jiwe kana kwamba kalibeba yeye. Walipofika kwenye kimlango cha pembetatu, Murshid akajitanguliza, kwa kuwa itifaki inataka mwenyeji aanze. Akakohoa.

"Hodi!"

"Nani?" ilitoka sauti nyuma ya mawe.

"Murshid."

"Cheo?"

"Kaimu Mkurugenzi."

"Kaimu? Mwenyewe yuko wapi?"

Murshid akamtupia jicho Sheikh Amur. "Mwenyewe hayupo. Mimi nnashika nafasi yake."

"Tangu lini?"

"Mwaka wa nne huu."

"Masikini," sauti ikasema, tena kwa huruma ya kweli. "Kibali unacho?"

Hakuwa nacho. Katika vibali vyote alivyovigonga mhuri, hakuwahi kuwaza kwamba hata yeye anaweza kuwa mgeni wa mtu.

"Mama, ni mimi!" akanong'ona.

"Ujamaa hautambuliki. Njoo kesho."

Akapiga hodi ya pili, akaambiwa kesho. Ya tatu aliipiga kwa sauti ya kukaribia kulia, akaambiwa kwamba mwenye mhuri kenda kuswali.

Sheikh Amur alikuwa akizichezea ndevu. "Mara tatu hizo. Waraka wako unasemaje, Bwana Murshid?"

"Arudi kwao, Sheikh."

"Basi rudi. Mimi sipendi kumvunjia mtu kanuni yake."

Murshid akaanza kuteremka, na kwa kweli iliuma. Nyuma yake Sheikh Amur alivua makubadhi bila ya kuambiwa, akasimama ubavuni mwa mlango asije akachungulia ndani kwa watu, kama alivyofunzwa utotoni.

"Hodi wenyewe. Assalaam alaykum."

"Wa alaykum salaam! Karibu, baba, karibu. Ingia, tahadhari na kichwa."

Hata jina hakuulizwa.

Murshid alingoja ndani ya gari saa nzima. Sheikh Amur aliporudi alikuwa ananukia kahawa ya Bi Bakhita.

"Mama yako anajua kupokea watu," alisema. "Vibali vifute. Hodi nimeipenda, ibaki, lakini pawe na mtu wa kusema karibu kila siku, si Alhamisi peke yake. Yeye Bi Bakhita anasema ana kazi zake nyumbani."

Barua ilitoka Jumapili. Lile neno halikufutwa, lilihamishwa tu. Murshid sasa ni Kaimu Mjibu Hodi, na kiti cha plastiki ni chake mpaka atakapopatikana mwenyewe.

Jumatatu asubuhi Bi Bakhita akapanda na majirani zake wanne na chupa ya chai. Akapiga hodi.

Murshid alifungua kinywa aulize nani, akajizuia. "Karibu, mama."

"Anayetukaribisha nani? Mwenyewe au kaimu?"

"Kaimu," akajibu kutoka nyuma ya mawe.

"Si kitu, mwanangu. Sisi tunaingia hata kwa kaimu," akasema, akawapisha wenzake watangulie.