Sukari Yangu na Utani wa Akina Diop

Jumatatu, 10 Novemba

Kliniki ya sukari ni Alhamisi. Muuguzi Kumba Diop alishaniambia: sukari isiposhuka, vidonge pekee basi, naanza kudungwa insulini. Mimi! Marehemu kaka yangu alianza na sindano, akamalizia bila mguu. Sidungwi.

Tatizo ni moja. Vile vidonge vikubwa vyeupe vinanivuruga tumbo, kwa hiyo tangu Idi Kubwa navimeza pale tu Yacine anaponitazama. Na mke wangu hanitazami sana, ana duka sokoni.

Jumanne, 11 Novemba

Nina mpango! Kuanzia leo sili kitu, na dawa nameza maradufu. Alhamisi sukari yangu itakuwa ya mtoto mchanga.

Kumba alinionya kuhusu vidonge vyangu vingine, vile vidogo. Alisema mbele ya foleni nzima kwamba humezwa na chakula, nikivimeza na njaa nitaanguka, ingawa kwangu hakuna hatari, maana hajazaliwa Ndiaye aliyewahi kuionja njaa. Watu wakaangua kicheko. Nikamjibu kwamba akina Diop huiba wali hata msibani.

Yeye Diop, mimi Ndiaye. Koo zetu ni watani tangu enzi za mababu, na mji wetu mzima wa Kaolack unajua kwamba Diop akifungua mdomo mbele ya Ndiaye ni utani mtupu. Nani anafuata ushauri wa mtani?

Jumatano, 12 Novemba

Njaa! Yacine kapika wali wa samaki, na harufu ikanifuata mpaka chooni. Nikamwambia nimefunga. Akafurahi, akaniombea dua ndefu. Nikaona aibu. Kidogo.

Vidonge vidogo nimemeza viwili badala ya kimoja. Sasa mikono inatetemeka, mwandiko huu hata mimi siusomi. Dawa inafanya kazi.

Alhamisi, 13 Novemba

Nimeanguka. Kwenye foleni, juu ya mapaja ya mama mmoja ambaye hakufurahi hata kidogo. Jasho jembamba, macho giza. Kumba akaninyanyua kichwa, akaninywesha maji ya sukari huku akinigombeza nimeze. Akasema sukari imeshuka mno, ningeweza kufa.

Imeshuka! Nikauliza kwa sauti ya chini kama basi nimefaulu.

Akasema kuna kipimo kingine cha damu, kinachoonyesha sukari ilivyokuwa katika miezi mitatu yote iliyopita. Hicho mpango wangu haukukijua. Majibu yakatoka mabaya sana.

Kisha likatokea la ajabu. Hakunitania. Akaniita baba.

“Baba, kaka yako hakukatwa mguu kwa sababu ya sindano. Alikatwa kwa kuichelewesha. Mguu wako bado upo. Nakuomba, usiruke hata siku moja.”

Sauti ikamtetemeka. Yacine, aliyeitwa kutoka dukani, akalia, machozi yakadondokea boksi la insulini tulilopewa, alilolipakata. Niliogopa. Humu daftarini siwezi kujidanganya, niliogopa kweli.

Jumamosi, 15 Novemba

Jana Yacine alinidunga mwenyewe. Mbu wa hapa kwetu anauma zaidi! Leo kaenda Dakar arusini, kanielekeza nijidunge jioni, kaniapisha kwa jina la mama yangu.

Jioni nikaishika sindano, nikafikiri. Diop, asitanie? Amwite Ndiaye baba, kwa heshima, na sauti inatetemeka? Haijawahi kutokea tangu dunia iumbwe! Hapo nikang'amua. Nikacheka mpaka nikapaliwa.

Nikairudisha sindano kwenye friji, nikampigia Kumba simu kumpa hongera zake. Nikamwambia amenipata, utani wa kiwango hiki hata babu zake hawakuuweza.

Yeye akauliza tu kama nimejidunga.

Nikamwambia, aa, mtani, mchezo umekwisha, nimeshagundua. Akasema nikae hapo hapo, nisiguse chakula, anakuja sasa hivi.

Nisiguse chakula! Nimebandika sufuria kubwa, naosha mchele. Tangu lini Diop akaja nyumbani kwa mtu kwa ajili ya mtu, si kwa ajili ya wali wake?