Mtutu Wangu na Mwewe wa Tassia

Jumatatu, 8 Septemba

Mwewe amerudi. Nilikuwa paani, juu ya ploti yetu ya nyumba za kupanga hapa Tassia, naota jua kama daktari alivyoagiza. Kivuli kikapita kwenye kamba za nguo. Mlio mmoja mwembamba, basi. Kifaranga cha Nafiso kimekwenda.

Nafiso ni jirani yangu wa mlango unaofuata. Anauza mashuka na madera Eastleigh. Tangu mumewe afariki, kitu kinachomchekesha ni yule kuku wake wa paani na watoto wake. Leo hakucheka. Alisema kikienda kingine atamuuza mama yao, aachane na ufugaji.

Iandikwe hapa kwamba mimi, Gordon Nabiswa, karani mstaafu wa stoo za baraza la jiji, ni mtu mwenye shukrani. Mwezi wa saba nililala na homa ya mapafu. Nafiso aliniletea supu ya mbuzi mpaka nikaweza kuketi. Hakuuliza kama nina mtu wa kunipikia. Aliona sina. Mapafu yangu mawili, baada ya Mungu, ni yake.

Nimepata njia ya kumshukuru. Nitampiga huyo mwewe.

Okoth, msimamizi wa ploti, anapendekeza wavu. Wavu! Fikra za mtu wa ghorofa ya chini.

Jumanne, 9 Septemba

Bunduki ya kweli sina na siitaki. Sheria naijua. Wala sina nia ya kumuua ndege wa watu. Nataka kumgonga kidogo tu kifuani, ajue paa hili lina wenyewe.

Marehemu babu yangu, kule Bungoma, alikuwa na gobore, lile la kushindiliwa kwa mdomoni. Alilisalimisha kwa serikali kabla sijazaliwa, lakini hakuacha kulizungumzia. Gobore, alisema, si baruti wala si jicho. Ni mtutu. Mtutu usioandaliwa ni fimbo yenye tundu.

Basi nimeunda gobore la upepo. Mtutu ni bomba la chuma ambalo fundi wa maji aliliacha kwenye ngazi. Nyuma yake nimefunga kipande cha mpira wa kumwagilia maua, na mwisho wa mpira, chupa tupu ya soda, ile kubwa ya plastiki. Unashindilia risasi mdomoni mwa bomba, unalenga, unaikanyaga chupa kwa nguvu. Upepo unafanya yaliyobaki. Risasi ni ugali, uliofinyangwa kama gololi na kuanikwa juani. Mgumu kama kokoto. Ugali wangu umekuwa hivyo siku zote, lakini leo ndiyo mara ya kwanza nimemshukuru Mungu kwa hilo.

Jaribio la kwanza: nililenga ndoo. Risasi ilitoka ikidondoka mbele ya kiatu changu kama abiria aliyefika nyumbani.

Sikuvunjika moyo. Nilichungulia ndani ya bomba. Kutu tupu. Babu alisema kweli.

Jumatano, 10 Septemba

Siku ya mtutu. Nimeshinda nao tangu asubuhi.

Kwanza maji ya moto na sabuni, yakiingia huku yakitokea kule, meusi kama chai ya kilioni. Halafu mdeki, yaani ule ufito wa kushindilia, nikaufunga kitambaa na kusugua. Kitambaa kikitoka kichafu, chukua kingine. Babu alisema usiache mpaka kitambaa kitoke kama kilivyoingia. Halafu msasa laini, kwa misuguo mirefu, kutoka mwanzo hadi mwisho. Mtu mvivu husugua karibu na mdomo tu kwa kuwa ndipo mkono unapofika, na mdomo ukipanuka upande mmoja, kazi imeharibika. Mdomo ndio neno la mwisho risasi inaloambiwa kabla ya kuondoka.

Mwisho ni mafuta. Si mafuta ya mashine. Hayo, kwa babu, yalikuwa dhambi. Mafuta ya mnyama na nta, yakipakwa chuma kikiwa na joto ili kinywe. Nta niliipata kwenye mshumaa wa muuza asali. Mafuta ya kondoo nilimwomba Nafiso. Hakuuliza ya nini. Alinipa bakuli zima, akaniambia nijipake kifuani usiku, yanasaidia kikohozi. Nilimshukuru hadi akacheka kidogo. Nilijisikia vibaya kwa kumficha. Lakini zawadi inayotangazwa si zawadi.

Baadaye Qali, binti yake anayesoma chuo, alinikuta nikiukumbatia mtutu na kuupapasa kwa kitambaa.

"Mzae, hii sasa ni nini?"

Nikamwambia ni bomba la maji. Akaniuliza mbona linanukia pilau.

Alhamisi, 11 Septemba

Leo risasi ilitoka ikapita pembeni mwa ndoo, upande wa kushoto. Iliyofuata, kulia. Maendeleo. Tatizo ni nafasi: risasi inacheza ndani ya mtutu kama mtu mmoja kwenye kitanda cha harusi. Babu alikuwa akiivika kila risasi kitambaa kilichopakwa mafuta, ikae imara, ishike katikati. Kitambaa kikiwa chembamba, inacheza. Kikiwa kinene, inakwama.

Nilijaribu kipande cha leso. Chembamba. Kipande cha suruali yangu. Kinene, ikakwama, nikaikanyaga chupa kwa hasira, chupa ikachomoka, nikakaa chini bila kupanga.

Halafu nikaona kitambaa safi kwenye kamba, kimechakaa, kina tundu begani. Tambara la mtu. Nikakikata vipande vya mviringo. Unene wake ulikuwa kamili, kama kilifumwa kwa ajili hiyo. Ndoo ilipigwa mara tatu mfululizo. Nilisimama pale paani nikamshukuru Mungu kwa pamba.

Jioni Okoth alipanda kuuliza nani ameiona fulana yake ya ndani, ile ya kanisani.

Nimeamua kutomjibu vibaya. Huyu Okoth ndiye aliyenibeba mgongoni kutoka ghorofa ya nne siku ile pumzi ilipokata, akanifikisha zahanati bila kunitua hata mara moja. Nashukuru na nitashukuru hadi kaburini. Ningeshukuru zaidi kama asingekuwa amewasimulia wapangaji wote jinsi nilivyo mzito.

Nilimwambia upepo wa Septemba ni mkali.

Jumamosi, 13 Septemba

Siku ya kuwinda. Nitaiandika ilivyokuwa.

Nilipanda mapema na mtutu uliong'arishwa, umepanguswa kavu, umepakwa mafuta kidogo tu. Nikauegemeza kwenye ukuta mdogo. Nikamwaga mfuko wa risasi sakafuni karibu na mguu, nisihangaike kutafuta. Kuku alikuwa anachakura na watoto wake. Nafiso alikuwa ameanika mashuka meupe, mapya, ya bibi harusi mmoja wa Donholm, ayapige pasi akayapeleke jioni. Yeye mwenyewe alikuwa upande wa pili, anafua.

Mwewe akaja. Alizunguka mara moja, mara mbili, akashuka. Nikasubiri mpaka nikaona miguu yake ya manjano. Nikakanyaga.

Risasi iliondoka kama sala ya mtoto, imenyooka kabisa. Kuhusu mtutu sina lawama. Lakini mwewe aligeuza mkia kidogo tu, na risasi ikaendelea na safari yake hadi kwenye shuka la katikati. Paa! Duara la mafuta ya kondoo, na ndani yake kipande cha fulana ya Okoth, kimegandia kama stempu.

Nafiso alipiga kelele akakimbilia shuka. Nami nikakimbilia shuka. Qali akapanda mbio. Sote watatu tukiwa tumelishika shuka, mwewe akashuka tena bila haraka na kuondoka na kifaranga.

Kuku alikuwa anazunguka, anaita.

Ilibidi nieleze. Nilieleza yote, gobore, babu, bakuli la mafuta. Nikasema nilitaka kulipa ile supu.

Nafiso alijipangusa povu la mikononi kwenye dera lake.

"Mzee Nabiswa, nani alikuambia nakudai?"

Nikasema hakuna.

"Nilileta supu kwa sababu ulikuwa mgonjwa. Sasa umepona, alhamdulillahi. Mimi hiyo inanitosha. Wewe ukae juani, unywe chai, unisalimie asubuhi. Mzee, tafadhali. Unisalimie tu."

Niliteremka ngazi nikishika ukuta. Nimeketi na maneno hayo tangu hapo. Sidhani kuna mtu aliyewahi kuniambia jambo zuri zaidi. Nimeapa: gobore limekwisha.

Jumapili, 14 Septemba

Nimelifua shuka mwenyewe, kwa maji ya moto, sabuni ya kipande na magadi, nikilisugua kwa utaratibu uleule wa mtutu, misuguo mirefu, mwanzo hadi mwisho. Doa limetoka lote. Bibi harusi amekubali kungoja hadi leo jioni. Nafiso amesema hajaona shuka jeupe namna ile. Nimeshukuru kimyakimya elimu ya babu.

Sikupanda paani kufagia. Aibu. Risasi zangu zimebaki zimetapakaa kule juu.

Jumatatu, 15 Septemba

Kumejaa kunguru. Wale weusi wenye fulana nyeupe, ukoo mzima, kwenye ukingo wa paa letu. Wanaokota ugali wangu, wanaulowesha kwenye beseni la Nafiso, wanakula. Nashangaa. Hakuna binadamu aliyewahi kuomba kuongezewa ugali wangu.

Nilikimbilia vifaranga kuwafunika, lakini kunguru hawakuwatazama hata. Wameshiba.

Saa nne hivi mwewe akatokea. Kabla hajazunguka mara ya pili, kunguru wakainuka wote kwa pamoja, kelele kama mkutano wa wapangaji kodi inapopanda. Wakamfuata, wakamdonoa mgongoni, wakamsukuma mpaka juu ya Outer Ring Road, akapotelea upande wa Donholm. Nafiso alikuwa amesimama na ndoo mkononi. Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akaiweka ndoo chini akashika kiuno. Sikuwa nimemsikia hivyo tangu msiba wake. Kuku habanduki, haendi sokoni. Vifaranga wanabaki.

Okoth alieleza, bila kuombwa, kwamba kunguru na mwewe ni maadui wa tangu zamani. Palipo na kunguru walioshiba, mwewe hakai. Kwa hiyo Nafiso awarushie makombo kila asubuhi, basi, mambo yatanyooka. Akaongeza kwamba kwa mara ya kwanza ugali wa mzee umefanya kazi ya maana.

Nafiso akasema ni mimi niliyeleta kunguru, kwa hiyo ni mimi wa kushukuriwa. Jioni aliniletea mikate laini ya anjera na supu, akaketi mlangoni nikila. Alimletea Okoth fulana mpya pia. Alisema ni zawadi yangu na yake, tumempa pamoja. Okoth aliivaa juu ya shati. Nina majirani ambao sistahili hata mmoja wao, na nimelala kitandani naandika haya nikiwa mtu mwenye furaha.

Jumatano, 17 Septemba

Nimetafakari kwa utulivu. Maelezo ya Okoth hayatoshi. Mwewe yule alikwepa risasi yangu kwa upana wa unyoya. Alihisi upepo wake. Ndege mwenye akili hasahau mtutu uliosuguliwa namna ile. Kunguru walimsindikiza tu mtu aliyekuwa tayari anahama.

Na hao kunguru sasa. Wanaamka kabla ya mwadhini. Leo wamemwaga beseni la Nafiso na kumwibia Qali kipande cha sabuni. Nafiso anasema hawamsumbui, lakini nafahamu ni adabu yake tu. Mtu mwema kama yule hawezi kulalamika. Lazima mtu amsaidie.

Fundi wa maji ameacha bomba jingine kwenye ngazi. Refu zaidi. Nimelichungulia ndani dhidi ya jua na kutu yake si mbaya hata kidogo. Nimeteleka maji. Kesho, nikishamsalimia Nafiso, nitamwomba mafuta ya kondoo, kwa ajili ya kikohozi.