Taa ya Kisiwani Imehamia Kinoo

Riruta, Nairobi.

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Historia ya Mnara wa Taa,
Chama cha Wana-Nyaburo Waishio Nairobi.

Mheshimiwa Mwenyekiti, na kwa heshima zaidi, Mjomba Ochola,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU TAA

Nimepokea kadi yako ya mwaliko wa uzinduzi wa kitabu cha historia ya mnara wa taa wa kisiwani kwetu, hafla itakayofanyika kwenye hoteli kubwa pale mjini. Kadi ni nzito, ina maandishi ya dhahabu, na inasema mgeni wa heshima atakuwa taa yenyewe, ambayo mliing'oa juu ya mnara mwezi uliopita mkaileta Nairobi kwa gari lako. Hongereni sana. Hata taa ya kuongozea mashua imechoka na kijiji, imekuja mjini kutafuta maisha kama sisi.

Hata hivyo nina malalamiko, na naomba yasomwe kikaoni kabla ya chai, kwa sababu baada ya chai kikao chenu huwa kimekwisha.

1. Taa haina kazi. Nilipowatembelea nyumbani kwenu Kinoo Jumapili niliikuta sebuleni, kando ya televisheni, Auntie ameifunika kitambaa cheupe cha kufuma, kile cha seti moja na vya makochi. Binamu Quincy alinituliza: "Relax cuzo, hiyo taa iko safe. Huku Kinoo hakuna wezi." Ni kweli kabisa. Wala hakuna mashua, wala mawe ya kuzigonga, na magari ya Waiyaki Way yana taa zake. Kama ni lazima ikae Nairobi, basi iletwe huku Riruta, ambako mvua ikinyesha kidogo tu tunavuka kwenda dukani kwa kubahatisha.

2. Kitabu chenyewe. Nimesoma rasimu. Sura ya kwanza inamsifu Mzungu aliyechora ramani ya mnara. Sura zote zinazofuata ni salamu za pongezi kutoka kwa wanakamati, kila mmoja na picha yake ndani ya suti. Babu, aliyepanda zile ngazi kila jioni na debe la mafuta ya taa mpaka magoti yakamkatalia, ametajwa mara moja tu, kama "mwenyeji mmoja". Mjomba, huyo mwenyeji mmoja ndiye aliyekuzaa. Sidai awekewe picha. Naomba apewe jina, maana jambo hili limeniuma kweli.

3. Giza. Mama yangu, dada yako wa tumbo moja, huvuka ghuba na omena wake, dagaa wa ziwani, kabla hakujapambazuka ili awahi soko la ng'ambo. Mawe ya pale mlangoni mwa ghuba hayakualikwa kwenye uzinduzi, kwa hiyo bado yapo palepale. Wiki jana mashua yao iliyagonga, wakawa wanachota maji kwa sufuria mpaka ufukoni. Nilipouliza kwenye grupu la WhatsApp, katibu alijibu kwamba suala la taa ya muda litajadiliwa kikao kijacho, kisha akaweka picha ya mshumaa. Naogopa, Mjomba. Simu ikilia asubuhi mapema, naita "Mama?" kabla sijaona ni nani.

4. Kwa sababu hiyo naomba ghuba nayo iletwe Nairobi, maji pamoja na mawe, itafutiwe nafasi kwenye maegesho ya hoteli. Ikishindikana, wanakamati wapande mnara kwa zamu wakiwa na tochi za simu, wayatazame maji huku wakitabasamu kama kwenye kitabu. Wewe uanze, kwa kuwa ndiwe Mwenyekiti. Na hilo likiwa gumu, basi mwishoni mwa kitabu ziachwe kurasa tupu kwa majina ya watakaozama, ili toleo la pili lisicheleweshwe na utafiti.

Najua kuna njia nyingine, ya kuifunga taa mahali pake, lakini hiyo haihitaji hoteli, kwa hiyo sikutaka kuwapotezea muda.

Nisalimie Auntie, Quincy, katibu na mshumaa wake, mweka hazina, na wote wenye suti kitabuni.

Mpwa wako mtiifu,
Peres.

Nyongeza: Sijafunga bahasha, Mama amepiga simu. Amenigombeza, anasema nisikuaibishe mbele ya watu, na taa isirudishwe kwanza. Yeye na kina mama wa kanisa wamesikia inazinduliwa hotelini, wameshona sare, na wanataka kuiona ilivyopendeza. Kwa hiyo yote niliyoandika hapo juu yafute. Wanavuka kesho alfajiri, kungali giza, ili wawahi basi la Nairobi. Anaomba umwekee kiti karibu na taa.