Pindo la Saba

Jumamosi, 15 Novemba

Leo nimeshinda vita kabla havijaanza!

Tulikuwa kanisani kwenye chakula cha maharage. Orrin, kaka wa mke wangu Twila, akasimama na sahani mkononi, akaanza kunihesabia mapindo mbele ya waumini. Desturi ya kambi yetu ya uwindaji ni moja tu. Ukimkosa kulungu unakatwa pindo la nyuma la shati, linapigiliwa misumari ukutani kambini pamoja na jina lako na mwaka. Mimi ninayo sita. Orrin analo moja, la mwaka 1994, na hilo anadai alikuwa na homa.

Akasema mwaka huu nikikatwa la saba, nimwachie dungu la marehemu baba. Dungu lile! Baba alilijenga kwa mikono yake juu ya mwaloni wa kilimani, mwaka niliozaliwa. Wilaya nzima hakuna pengine pa kukaa ukaona kulungu wanapita chini ya miguu yako vile. Mwenye akili angenyamaza. Mimi nikapiga meza ngumi, maharage yakaruka, nikasema nakubali. Mchungaji ni shahidi.

Hawajui jambo moja. Tatizo halijawahi kuwa mimi. Tatizo ni shotigani niliyorithi kwa baba. Yeye hakuwahi kukosa, sijaona pindo lake hata moja, lakini enzi zake ilikuwa mpya. Ndiyo maana wiki iliyopita nilijinunulia bunduki ya masafa marefu. Hatua mia tano! Nikawatangazia hapohapo. Watu wakatazamana. Orrin akatabasamu, akasema hongera shemeji. Ameogopa. Nimemwona machoni.

Jumatatu, 17 Novemba

Nimekwenda kwa Bi. Marvene, muuza bunduki, kununua risasi. Akauliza za kuwindia nini. Nikamwambia kulungu, nini tena. Akavua miwani. Bi. Marvene akivua miwani si habari njema.

Kumbe hapa Ohio bunduki yangu hairuhusiwi kwa kulungu. Ganda la risasi sharti liwe limenyooka kutoka juu hadi chini. Langu lina mabega na shingo, kama chupa ya bia. Akaeleza kwamba nchi yetu ni tambarare, na risasi ya namna hiyo ikimkosa kulungu inaendelea na safari mpaka jikoni kwa mtu. Nikamwambia mimi sikosi. Akakohoa.

Nikauliza, je, nikivuka mpaka kwenda Pennsylvania, ambako inaruhusiwa? Akauliza kama dungu langu nalo litavuka. Halivuki. Nikauliza, je, nikiikata shingo ya ganda? Akasema, "Hapo shingo itakayokatika ni yako, Bwana Delmar."

Nimekaa ndani ya gari nikisoma kitabu cha sheria chote, hata sehemu ya bata maji, nikitafuta tundu la kupenyea. Hakina. Nimerudi dukani. Vinavyokubaliwa ni shotigani isiyozidi risasi tatu, gobore, upinde, au bunduki ya ganda lililonyooka. Bi. Marvene akanishauri nichukue nyepesi, itanikaa vizuri begani, hata wajukuu zake wanaimudu. Wajukuu! Nikamwambia anipe yenye ganda nene kuliko zote dukani. Risasi zake unene wa kidole gumba changu. Inabeba moja tu kwa wakati. Moja inatosha. Anayehitaji ya pili ana mashaka na ya kwanza.

Ile ya hatua mia tano nimeificha kabatini, nyuma ya mti wa Krismasi wa plastiki. Orrin asijue kamwe.

Alhamisi, 20 Novemba

Nimeijaribu bunduki. Nguvu ya ajabu! Shabaha sijui ilipigwa wapi, kwa sababu wakati huo nilikuwa chini. Ilirudi nyuma kwa teke kama la nyumbu, darubini yake ikanichonga juu ya jicho. Alama nzuri kabisa, mwezi mwandamo. Twila akanibandika plasta bila kusema neno. Miaka thelathini na mmoja ya ndoa, najua kunyamaza kwa kuhurumiwa na kunyamaza kwa kuchekwa. Huku kulikuwa kwa pili.

Nimepiga risasi mbili zaidi. Nimegundua siri: ukifumba macho mapema, huumii sana.

Jumapili, 23 Novemba

Kanisani wote walitazama mwezi wangu. Nikasema ni mlango wa kabati. Orrin akaniuliza kwa sauti lini nitawaonyesha ile bunduki ya hatua mia tano. "Usitunyime, shemeji, na sisi tushangae!" Watu wakainamia vitabu vya nyimbo, mabega yakitikisika. Hapo nikaelewa. Kanisa zima lilijua sheria tangu siku ya maharage, na hakuna aliyefungua mdomo. Hata Mchungaji! Watu wa Mungu hawa.

Nimerudi nyumbani nikamkuta Twila ameitandaza shotigani ya baba juu ya meza, anaisafisha. Ya nini? Akasema mwaka huu na yeye amekata leseni. Nimecheka mpaka plasta ikabanduka. Nikamwonya kwamba bunduki ile haina maana. Akasema, "Mbaazi ukikosa maua husingizia jua." Sijui mbaazi zimeingiaje hapa.

Alhamisi, 27 Novemba

Sikukuu ya Shukrani. Bata mzinga, viazi vya kuponda, pai ya maboga vipande vitatu. Kwenye kipande cha tatu nikapata wazo. Mimi ni mtu wa hatari nikishiba.

Kitabu cha jimbo hakina tundu, lakini desturi ya kambi inalo tundu lake! Inasema unakatwa pindo la nyuma la shati ulilolivaa. Je, shati likiwa halina pindo? Hakuna pindo, hakuna la saba. Hakuna la saba, dungu ni langu. Sitakosa, bila shaka, lakini mwanamume hujiandaa.

Nimechukua mkasi wa Twila nikalipunguza shati langu jekundu hadi kiunoni. Nimesimama mbele ya kioo. Najivunia kichwa changu.

Jumatatu, 1 Desemba

Ufunguzi. Nilipanda dunguni kabla ya mapambazuko, kizibao cha rangi ya chungwa kifuani, mgongo nje, maana shati halifiki. Baridi ilinitafuna kiuno kwa saa mbili.

Saa mbili asubuhi akatokea. Dume, pembe kama kiti cha enzi, hatua arobaini! Akasogea mpaka chini yangu kabisa, akasimama anatafuna mbegu za mwaloni. Nikalenga. Nikaikumbuka darubini. Nikafumba macho, mapema tu, kujihami.

Tawi likaanguka. Kulungu akatazama tawi, akanitazama mimi, akaendelea kutafuna. Nikatafuta risasi nyingine kwa glavu nene. Ikaniponyoka, ikashuka ngazi moja baada ya nyingine, tik, tik, tik. Hiyo ndiyo iliyomkimbiza.

Kambini nikakiri kama mwanamume, kisha nikageuka kwa madaha na kuwaonyesha mgongo. Tafuteni pindo! Wote wakaduwaa. Orrin akazunguka mara mbili na kisu mkononi. Akasema ni kweli, shati halina pindo. Nikaanza kuvaa kofia yangu. Akasema, lakini shemeji, suruali yako ya ndani ya sufu inalo pindo la nyuma, lile la kufungua chooni.

Wakanishika wanne. Sasa liko ukutani, jekundu, na vifungo vyake viwili. Lazima niseme ukweli: ni kubwa kuliko yote na wamelipigilia katikati kabisa. Mgeni akiingia, hilo ndilo ataliona kwanza.

Lakini dungu limekwenda. Nimelala mchana wote nikitazama dari. Mzee alinyanyua mbao zile moja moja kwa kamba, mimi nimezipoteza kwa sahani ya maharage. Inauma.

Jumanne, 2 Desemba

Siku kubwa. Niandike yote kwa utaratibu.

Asubuhi Orrin alipanda dunguni. Saa moja haikupita, akarudi kambini amevua kofia, ameshika ubao wa kukalia. Ulikuwa umelegea, akaugeuza ili aupige misumari. Upande wa chini, mahali ambapo anayekaa haoni, kuna mapindo ya mashati. Tisa. Ya bluu, ya mirabamiraba, mengine yamepauka kabisa. Kila moja lina mwaka kwa mwandiko wa baba.

Baba aliwinda peke yake miaka yote ile. Juu ya mti nani angemwona akikosa? Alijikata mapindo mwenyewe, akayapigilia mwenyewe, akayakalia. Nililitambua la mirabamiraba. Alilivaa siku aliyonifundisha kupanda ngazi ile. Nilimkumbuka sana. Nikatoka nje kidogo. Jiko la kambi lina moshi.

Orrin akanifuata. Akasema hawezi kukalia mashati ya mzee, dungu ni langu, na tusiliongelee tena. Akanishika bega. Nikampa mkono kwa heshima. Ni wazi ameona dungu limemzidi kimo.

Jioni Twila amerudi. Amemwangusha dume, yule yule, pembe zilezile, kwa shotigani ya baba na risasi moja. Kambi nzima imempigia makofi. Nimepiga pia, kwa nguvu kuliko wote. Mke wangu! Bahati ya mara ya kwanza, lakini nani atamwambia leo?

Sasa nimeuweka ubao mezani, nimehesabu tena. Tisa. Mtu mwenye jicho lile, mkono ule, subira ile, mara tisa! Na katika maisha yake yote baba alikuwa na bunduki moja tu. Imethibitika. Nilisema tangu mwanzo kwamba shotigani ile ni mbovu. Maskini mzee, amekufa akidhani ni yeye.

Twila ananiita nje nimshikie miguu ya kulungu anayemchuna. Nakwenda. Kesho asubuhi nitapita kwa Bi. Marvene. Bado sijajaribu gobore.